Namba sita hapigiwi makofi: kusoma dimba la kati la Yanga ya Nabi na ya Gamondi

Msimu wa 2023/24 wa Ligi Kuu Bara, wafungaji wawili wa juu walikuwa viungo. Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21, Feisal Salum wa Azam na 19. Msimu uliotangulia, Saido Ntibazonkiza wa Simba, kiungo naye, alilingana na straika Fiston Mayele wa Yanga kwa mabao 17. Kwa hiyo shabiki wa huku akimtukuza kiungo kuliko straika, ana haki yake. Ninachotaka kueleza ni yale mabao 21 yalitoka wapi, na kocha alifanya nini ambacho kwenye kibanda umiza hakionekani kabisa, maana kamera inafuata mpira.

Kocha Nasreddine Nabi aliondoka Jangwani, yaani Yanga, katikati ya 2023 akiwa na mataji mawili ya ligi mfululizo. La kwanza, la 2021/22, alilitwaa bila kupoteza hata mechi moja. Mbio hizo zilifika mechi 49 za ligi, mpaka Ihefu walipozikata kwa 2-1 tarehe 29 Novemba 2022. (Arsenal ya Wenger nayo iligota 49. Hiyo wachukue wa vijiweni.) Akaongeza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, iliyopotea kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini: 1-2 Dar es Salaam, 1-0 Algiers. Timu yake ilikuwa na uti wa mgongo unaoeleweka. Mara nyingi Khalid Aucho, namba sita wao, yaani kiungo mkabaji anayelinda mbele ya mabeki, alikuwa na Yannick Bangala karibu yake, na mbele kabisa yupo Mayele anayemalizia. Viungo walibaki nyuma ya mpira. Timu haikufunguka ovyo.

Kocha Miguel Gamondi alipoichukua Yanga, Mayele alikuwa njiani kwenda Pyramids ya Misri na Bangala kwenda Azam. Straika wa kufunga kama Mayele hakuletwa. Gamondi akaamua mabao yatoke kwenye mstari wa nyuma ya straika. Pacôme Zouzoua na Max Nzengeli ukiwatazama kwenye karatasi ya kikosi ni watu wa pembeni, lakini mpira ukishavuka nusu ya uwanja walikuwa wanaingia ndani, kwenye nafasi iliyopo kati ya beki wa pembeni na beki wa kati wa mpinzani. Aziz Ki akakaa katikati yao. Upana wa uwanja, ambao ni mita 68, wakaachiwa mabeki wa pembeni, Yao Kouassi kulia na Joyce Lomalisa kushoto.

Fanya hesabu. Straika mmoja, watatu nyuma yake, mabeki wawili wa pembeni waliopanda: watu sita dhidi ya mabeki wanne. Beki wa pembeni wa mpinzani akimfuata Yao, Nzengeli anabaki peke yake. Akibana ndani kumfuata Nzengeli, Yao anapiga krosi bila bughudha. Kiungo mkabaji wa mpinzani naye ana watatu wa kuchagua mmoja. Ndiyo sababu mfungaji anakuwa kiungo: anaingia kwenye boksi akiwa kwenye mwendo, wakati anayetakiwa kumkaba macho yake yapo kwa straika.

Tarehe 5 Novemba 2023, kwenye mechi ya watani ambayo Yanga iliifunga Simba 5-1, mapumziko ilikuwa 1-1. Mabao manne ya kipindi cha pili yalifungwa na watu wa mstari huo huo: Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacôme moja kwa penalti. Siku chache baadaye kocha wa Simba, Roberto Oliveira, hakuwa na kazi.

Sasa gharama yake, na hapa ndipo penye utamu. Ukipeleka watu sita mbele, nyuma wanabaki mabeki wawili wa kati na Aucho, na Mudathir Yahya anayekimbia huku na huku kuziba. Huyo Mudathir ni kiungo punda kwa maana nzuri ya neno. Lakini mfumo wote ulisimama juu ya Aucho.

Rudia mechi za msimu ule, umtazame Aucho pale ambapo hakuna anayemtazama. Yao amepanda, Aziz Ki ana mpira mita 25 kutoka golini, uwanja mzima umesimama kusubiri shuti. Aucho wakati huo anasogea kulia hatua tano au sita, anaacha katikati, anakwenda kusimama mgongoni mwa winga wa mpinzani ambaye hakurudi kukaba. Mpira bado haujapotea. Ukipotea, pasi ya kwanza ya mpinzani inakwenda kwa winga huyo huyo, na Aucho ameshafika. Anauchukua, au anamgusa kidogo karibu na mstari wa kati, filimbi inalia, na mabeki wote wanarudi mahali pao. Shabiki anaandika "leo Aucho hakuonekana". Na yule namba sita anayeteleza chini kila dakika tano na kushangiliwa, mara nyingi ni mtu aliyechelewa hatua mbili, akalazimika kuzifidia kwa kalio.

Mganda huyu alikuwemo kwenye Gor Mahia ya Frank Nuttall iliyotwaa ligi ya Kenya 2015 bila kupoteza mechi, kisha Yanga ya 2021/22. Nchi mbili, misimu miwili isiyo na kipigo, namba sita yule yule. Sisemi yeye peke yake ndiye sababu, ila ningekuwa kocha ningeuliza.

Ukitaka kupima mwenyewe, kaa viti vya juu ubavuni mwa uwanja, si nyuma ya goli, kwa sababu kule nyuma umbali kati ya mstari wa mabeki, wa viungo na wa washambuliaji hausomeki. Chagua kiungo mmoja. Dakika kumi za mwanzo ziache, timu zinapimana nguvu. Anza ya 15, maliza ya 30, na usiutazame mpira isipokuwa umemfikia yeye. Andika mambo manne. Kwanza, kabla mpira haujamfika amegeuza shingo mara ngapi: mbili au tatu ni vizuri, sifuri ni hatari, maana anapokea bila kujua nani yuko mgongoni. Pili, amepokea kwa mguu upi. Akiupokea kwa mguu wa mbali na mpira unakotokea, mwili wake unakuwa umefunguka kuelekea mbele, akiupokea kwa mguu wa karibu atarudisha kwa beki hata kama nafasi ipo. Tatu, pasi ngapi zimevuka mstari wa mpinzani. Nne, timu ikipoteza mpira, ndani ya sekunde tano anasogea au anatembea.

Asilimia za pasi ziache kwanza. Kiungo mwenye 92 aliyepasiana na mabeki wake wa kati mechi nzima hajamsumbua mtu. Namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji, mwenye 70 anayejaribu pasi mpenyezo huenda ndiye anayewanyima mabeki usingizi. Kosa jingine ni kulinganisha viungo wa makocha wawili bila kuangalia nafasi wanayopewa kuilinda.

Hilo linatuleta kwa kocha, na kipimo chake kimechorwa tayari uwanjani. Kutoka mstari wa mbele wa boksi hadi mstari wa kati ni mita 36 kwenye uwanja wa mita 105. Timu isipokuwa na mpira, wachezaji wake kumi wa ndani wanatakiwa waenee kwenye umbali wa namna hiyo, iwe imerudi nyuma au inakabia juu. Ukiona straika anakimbiza mabeki wa kati wa mpinzani huku mabeki wake mwenyewe wamekaa kwenye boksi lao, timu imevutika hadi mita 60. Aliye katikati ni namba sita, anakaba shamba zima, na ndiye atakayetukanwa. Kiungo yule yule anaitwa mzee chini ya kocha mmoja na fundi chini ya mwingine, na miguu yake haijabadilika.

Wanamsimbazi, yaani watu wa Simba, wana mfano wao, Clatous Chama. Bao lake la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita, Machi 16, 2019, liliipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Chama anaona pasi ambayo wengine hawaioni, ila kukaba si kazi anayoipenda. Patrick Aussems alilijua hilo na nyuma yake alikuwa na Jonas Mkude na James Kotei. Kotei hakuwahi kupendwa nusu ya alivyopendwa Chama.

Mwaka 2024 Chama akavuka mtaa kwenda Yanga, akaingia kwenye timu yenye Aziz Ki, Pacôme na Nzengeli tayari. Mashabiki walifurahi. Kwa mtazamo wangu ilikuwa ni kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea: watu wanne wa nafasi tatu, na kati ya hao wanne hakuna hata mmoja wa kumpumzisha Aucho.

Kisha Novemba 2024 Yanga ikafungwa 1-0 na Azam, Ibrahim Hamad "Bacca" akitolewa mapema kwa kadi nyekundu, na siku tano baadaye ikafungwa 3-1 na Tabora United. Gamondi akaachishwa kazi mwezi huo huo. Mitandaoni lawama zilikwenda kwa viungo washambuliaji, kwamba wameshiba. Mimi naangalia nyuma yao. Mfumo wa kupandisha watu sita unadai beki wa kati mwenye mbio kama Bacca, anayeweza kubaki na straika ana kwa ana mita 40 kutoka golini. Akikosekana, mabeki wanarudi nyuma mita kumi kwa hofu, mita hizo zinaongezeka kwenye eneo la namba sita, na hata Aucho hawezi kusimama sehemu mbili kwa wakati mmoja.