Kipimo cha maji ya kisima kinasoma nini? Muungano wa ioni na muungano wa kovalenti

Wakazi wengi wa Dar es Salaam, hasa katika maeneo ambako maji ya bomba hayatoki kila siku, hutumia maji ya visima virefu, na baadhi yao wamekwisha kumwona muuzaji wa mitambo ya kuchuja maji akitumbukiza kifaa chembamba mfano wa kalamu ndani ya glasi na kuwaonyesha namba. Kifaa hicho hujulikana kama kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kwa miligramu kwa lita. Namba ikisoma 900, mwenye nyumba huambiwa kwamba maji yake ni machafu. Ikishuka hadi 40 baada ya kuchujwa, huambiwa kwamba sasa ni salama. Kauli zote mbili zinaweza kuwa si za kweli hata kama kifaa ni kizima, kwa sababu kifaa hicho huhisi aina moja tu ya vitu vilivyoyeyuka, na aina hiyo hutegemea namna atomu zilivyoungana.

Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kiini hicho kuna elektroni zenye chaji hasi, ambazo zile za tabaka la nje ndizo zinazohusika na muungano. Mwaka 1916 Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba atomu nyingi huwa tulivu zinapokuwa na elektroni nane katika tabaka hilo. Kossel alishughulika na elektroni zinazohama kutoka atomu moja kwenda nyingine, na Lewis akaonyesha kwamba atomu mbili zinaweza pia kuitumia jozi moja ya elektroni kwa pamoja.

Chumvi ya mezani ndiyo mfano unaotolewa kila mara, na unastahili, ingawa mara nyingi huelezwa vibaya. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na moja tu kati ya hizo iko tabaka la nje. Klorini ina 17, saba zikiwa nje. Sodiamu ikipoteza ile moja hubaki kuwa ioni yenye chaji chanya, nayo klorini ikiipokea huwa ioni ya kloridi yenye chaji hasi. Wanafunzi huambiwa kwamba sodiamu hupenda kutoa elektroni yake, maelezo ambayo ni mepesi kukumbuka lakini yanapotosha. Kuziondoa elektroni hizo katika gramu 23 za sodiamu iliyo katika hali ya gesi, yaani moli moja, hugharimu kilojuli 496, ilhali atomu za klorini zinapozipokea hurudisha takriban 349 tu. Kwa hesabu hiyo peke yake kuna hasara. Faida hupatikana pale ioni hizo zinapokusanyika na kujipanga kuwa fuwele, kwani hapo hutolewa takriban kilojuli 787 kwa kila moli. Muungano wa ioni, basi, ni mvutano wa umeme baina ya chaji zinazopingana, na mvutano huo huelekea pande zote: ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita, wala hakuna jozi mtu anayoweza kuitenga akaiita molekuli ya chumvi. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi, joto ambalo sufuria ya aluminiamu haiwezi kulifikia kwa kuwa yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Hata hivyo maji baridi huivunja fuwele hiyo kwa dakika chache. Upande wa oksijeni katika molekuli ya maji una chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo, kwa hiyo molekuli nyingi huizunguka kila ioni na kuitoa katika safu yake. Ioni zikiwa huru ndani ya maji zinaweza kubeba umeme. Kipimo cha TDS hupitisha umeme mdogo kati ya ncha mbili za metali, kikapima jinsi maji yanavyoupitisha, kisha kikaigeuza hesabu hiyo kuwa miligramu kwa lita kwa kutumia kigezo kilichowekwa kiwandani. Hakijui ni ioni gani kimekutana nayo.

Katika muungano wa kovalenti hakuna atomu inayoachia elektroni kabisa. Atomu mbili za haidrojeni, kwa mfano, huivuta jozi moja ya elektroni iliyo kati ya viini vyao, na kuzitenganisha kunahitaji kilojuli 436 kwa kila moli. Muungano huu si dhaifu kama wengi wanavyodhani. Propani iliyomo katika mitungi ya gesi ya kupikia huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini inapochemka, atomu zake za kaboni na haidrojeni hubaki zimeshikana vilevile; kinachoachana ni molekuli na molekuli, ambazo mvutano baina yao ni mdogo. Palipo na muungano wa kovalenti kutoka atomu hadi atomu bila kukoma, kama katika almasi ya mgodi wa Mwadui, ugumu wake unajulikana.

Mpaka kati ya aina hizi mbili hauko wazi. Mkemia wa Marekani Linus Pauling alitunga mwaka 1932 mizani ya nguvu ya atomu kuvuta elektroni katika muungano, ambayo kwa vipimo vya leo huipa sodiamu 0.9, haidrojeni 2.2, kaboni 2.6, klorini 3.2 na oksijeni 3.4. Kadiri tofauti kati ya atomu mbili inavyokuwa kubwa, ndivyo muungano wao unavyokaribia kuwa wa ioni. Kiwango cha 1.7 ambacho hutajwa kuwa mpaka ni cha kukadiria tu.

Sukari imeungana kwa kovalenti, nayo huyeyuka vizuri katika maji, lakini huyeyuka ikiwa molekuli nzima zisizo na chaji. Mwenye kipimo anaweza kuthibitisha: gramu moja ya chumvi katika lita moja ya maji yaliyochujwa hupandisha namba hadi karibu 1,000 au zaidi, ilhali vijiko viwili vya sukari haviisogezi kwa kiasi cha maana. Petroli au dizeli iliyopenya ardhini kutoka kituo cha mafuta nayo haitaonekana, na vimelea vya kipindupindu havitaonekana.

Nitrati, ambayo huweza kuingia kisimani kutoka vyoo vya shimo, huonekana lakini haitambuliki. Ndani ya ioni hii nitrojeni na oksijeni zimeshikana kwa kovalenti, na kundi zima hubeba chaji moja hasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita. Katika kisima chenye namba 900 ambacho sehemu kubwa ya ioni zake ni chumvi ya bahari iliyopenya kwenye miamba ya pwani, hizo 50 hupotea ndani ya jumla. Shirika hilohilo linasema kwamba maji yenye chini ya 600 huwa na ladha nzuri na yanayozidi 1,000 huanza kukataliwa kwa ladha. Hivyo ni viwango vya ladha.

Kuchemsha huua vimelea, lakini ioni nyingi, kama za chumvi ya mezani, hazipungui. Mvuke ukitoka, kila lita iliyobaki huwa na chumvi nyingi zaidi. Mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, hushusha ioni, na namba hushuka nazo. Anayetaka kujua kama kisima chake kinafaa kunywewa aiombe maabara ipime nitrati, kloridi na vimelea vya kinyesi, kila kimoja peke yake, na sampuli ya vimelea ichukuliwe katika chupa iliyotakaswa, ihifadhiwe kwenye baridi na ifikishwe maabara siku hiyohiyo.