Je, wajua kwa nini kache inaweza kuufanya mtandao uwe mzito zaidi?

Saa nne asubuhi, maabara ya kompyuta ya chuo imejaa na kurasa hazifunguki. Wanafunzi wote wanapitia seva moja yenye Squid, programu inayohifadhi kurasa zinazoombwa mara kwa mara ili zisifuatwe mbali kila siku; akiba hiyo ndiyo kache. Prosesa inatumika asilimia 6. Laini ya intaneti haijajaa. Diski inapitisha megabaiti 1 tu kwa sekunde, kwa hiyo hakuna anayeishuku.

Andika iostat -x 1, amri ya Linux inayoonyesha kazi ya diski, uone: safu ya %util, yaani asilimia ya muda ambao diski ina kazi, imeganda kwenye 100. Diski imezidiwa, na megabaiti hiyo moja ndiyo uwezo wake wote kwa kazi ya namna hii.

Piga hesabu. Diski ya sumaku ya mizunguko 7200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja. Kabla ya kusoma chochote, kichwa chake kihame, milisekunde 8 au 9, kisha kingoje nusu mzunguko kwa wastani. Hizo ni safari 80 hivi kwa sekunde. Squid yenyewe hukadiria kitu kimoja cha wavuti kuwa kilobaiti 13. Zidisha mara 80, unapata ile megabaiti 1 hivi. Diski hiyohiyo ukiipa video moja ndefu itasoma megabaiti zaidi ya 100 kwa sekunde, maana kichwa hakihangaiki huku na huko.

Sasa tazama cache_dir kwenye faili ya mipangilio ya Squid, mstari unaosema kache ihifadhiwe diskini wapi na kwa mtindo gani. Ikiwa imeandikwa ufs, umempata mkosaji mkubwa. Kwa ufs, mchakato uleule unaohudumia watu wote husimama kungoja diski, na kila mtu husimama nao, hata ambaye ukurasa wake haumo diskini. Mtindo wa aufs huziachia nyuzi za pembeni (threads) kazi hiyo ya kungoja. Rock hupanga vitu vidogo ndani ya faili moja kubwa, hivyo hakuna maelfu ya faili za kufungua na kufunga. Mimi ningeanzia hapo.

Ila kwanza hakikisha RAM inatosha. Faharasa ya kache hukaa humo, takriban megabaiti 14 kwa kila gigabaiti ya diski kwenye mashine ya biti 64. Kache ya gigabaiti 500 inakula gigabaiti 7 za RAM kabla hujahesabu cache_mem, RAM inayotengewa kurasa zenyewe. Ukiona safu za si na so za amri ya vmstat haziko sifuri muda mrefu, yaani RAM imejaa na data inahamishwa kwenda na kurudi diskini, punguza kache leo hii.

Kwenye mipangilio ya diski weka pia noatime, inayozuia kuandikwa kwa saa ya kila usomaji, ili kusoma faili kusizae kazi ya kuandika. RAID 5, mtindo wa kuunganisha diski kadhaa ziwe kama moja, iepuke: andiko dogo moja hugeuka kuwa shughuli nne.

Bado nzito? Ondoa cache_dir kwa saa moja yenye watu wengi, ubaki na RAM. Siku hizi kurasa nyingi ni za HTTPS, yaani husafiri zikiwa zimesimbwa, na kwa kawaida hupita Squid bila kuhifadhiwa. Linganisha muda wa kujibu kwenye access.log, faili ambamo Squid huandika kila ombi, saa ile na saa ya jana yake.