Wasichana hawakupunguziwa alama

Wengi huamini kwamba shule ya vipaji ya wavulana ikianza kupokea wasichana, lazima alama za kuingilia zishushwe. Si kweli. Tazama Stuyvesant, shule ya sekondari ya New York iliyoanzishwa mwaka 1904 kwa ajili ya wavulana. Alice de Rivera, binti wa miaka 13 aliyeng'ara katika hisabati, hakufeli mtihani wa kuingia pale. Hakuruhusiwa hata kuufanya! Januari 1969 akaenda mahakamani. Bodi ya elimu ikasalimu amri kabla ya hukumu, na mwaka huohuo wasichana wakaingia kwa mtihani uleule wa wavulana. Kilichofutwa ni katazo tu. Inaniuma kwamba Alice mwenyewe hakusoma pale, maana familia yake ilihama jiji. Mwaka 2013 shule ikampa diploma ya heshima.