Si lazima tiba ya sonona ianzie kwa daktari bingwa

Wengi huamini kwamba mgonjwa wa sonona hana msaada wa maana mpaka afike kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na kwamba usawa wa huduma utapatikana siku kila wilaya itakapojengewa hospitali ya aina hiyo. Utafiti wa Dixon Chibanda, yeye mwenyewe daktari bingwa nchini Zimbabwe, unaonyesha vingine. Mwaka 2005 mgonjwa wake mmoja alijitoa uhai baada ya kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Kilichokosekana, tuseme wazi, hakikuwa kitanda.

Mwaka uliofuata Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, jijini Harare, waliofundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza akieleza “kufungisisa”, yaani kuwaza kupita kiasi kwa Kishona, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi 6 dalili za sonona zilionekana kwa takriban asilimia 14 ya waliopitia benchi, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa zilikaribia asilimia 50. Daktari haachwi kando: mwenye nia ya kujiua hupelekwa kwa wataalamu.