Mkaa ukishakolea moshi unaisha, sumu haiishi

Kipupwe kimeingia. Makete na Njombe huko asubuhi unakuta majani yameganda yamekuwa meupe, hapa Mbeya mjini ukitoka nje saa 12 mdomo unatoa mvuke, na mimi kila msimu huu ukifika kwenye kliniki ya kifua nasikia maneno yaleyale kwa watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, kwa mama wa nyumbani, kwa kijana wa chuo, kwa mzee mstaafu, mpaka kwa mwalimu wa sayansi aisee: "Daktari lakini mkaa wenyewe ulikuwa umeshakolea, haukuwa na moshi kabisa." Jamani. Nimechoka kuyasikia hayo maneno na nimechoka zaidi na misiba inayoyafuata, kwahiyo leo naandika kwa kirefu.

Alikuja mama mmoja na watoto wake wawili, wanaishi chumba cha kupanga, wote watatu wakiamka kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu haina nguvu, ikifika saa 6 mchana wako sawa wanacheza. Walishatibiwa malaria, walishatibiwa taifodi, dawa wamemeza za kutosha. Nikamuuliza, mama, mnalala na jiko? Akasema ndio, ila nalikoleza nje kwanza, moshi ukiisha kabisa ndo naliingiza ndani. Yani alikuwa anawalinda wanae kwa akili yake yote, na kila usiku alikuwa anawalaza na sumu. Ndo maana nasema hii dhana inaniumiza kuliko zote, maana inamkamata hata mtu makini.

Moshi siyo ile sumu tunayoiongelea. Moshi una madhara yake lakini angalau unawasha macho, unakukohoza, unakutoa ndani. Kinachoua usiku ni kaboni monoksaidi na yenyewe haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Na mkaa uliokolea ndo unaitengeneza vizuri: hewa inaingia kwa chini inakutana na mkaa wa moto inakuwa kaboni daioksaidi, hiyo ikipanda kupitia mkaa mwingine mwekundu inageuka kuwa kaboni monoksaidi. Ule mwali wa bluu unaouona unacheza juu ya jiko ni kaboni monoksaidi yenyewe inaungua. Ukipotea haimaanishi gesi imeisha, mara nyingi inakuwa inatoka tu bila kuungua, tena jiko lililofunikwa majivu ambalo watu wanasema "limeshapoa" linaendelea kuitoa kwa masaa.

Sasa ikifika kwenye mapafu. Una vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, ukivitandaza vyote unapata eneo la kama mita za mraba 70, na ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba, chini ya maikromita 1, yani haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni inavuka pale kwa sababu ipo nyingi upande wa hewa na chache upande wa damu, basi, hakuna kingine kinachoisukuma, na kaboni daioksaidi inatoka kwa sheria hiyohiyo. Mapafu hayachagui. Chembe nyekundu ya damu inapita pale chini ya sekunde moja na inabeba kilichopo. Kaboni monoksaidi nayo inavuka vilevile, ila ikishafika inaishika himoglobini, yani kile kitu kwenye chembe nyekundu kinachobeba oksijeni, kwa nguvu kama mara 200 mpaka 250 kuliko oksijeni.

Hiyo namba watu wanaisikia wanaipita, hebu ifanyie hesabu. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Kaboni monoksaidi ikifika asilimia 0.1 tu ya hewa ya chumbani, yani kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukisikia, zidisha mara 210 unapata 21, maana yake ukikaa humo muda wa kutosha zinagawana himoglobini yako nusu kwa nusu. Kwahiyo yule anayeniambia "chumba changu kikubwa, hewa haiwezi kuisha" anaogopa kitu kisichokuwepo. Hewa haijaisha. Unaweza kufa kwenye chumba ambacho oksijeni ipo karibu yote.

Afu kuna jambo ambalo hata wahudumu wenzangu wengine wanalisahau. Mama mjamzito mwenye damu 6 anakuja kliniki kwa miguu yake, amechoka lakini anaongea, na nusu ya himoglobini yake haipo. Mtu ambaye nusu ya himoglobini yake imekamatwa na kaboni monoksaidi yuko hoi, anaweza kuwa ameshazimia. Tofauti ni kwamba ile himoglobini iliyobaki na oksijeni yake inaing'ang'ania, haitaki kuiachia kwenye ubongo na moyo. Unapigwa mara mbili.

"Ningekosa hewa ningeshtuka." Hapana, hutashtuka, na hili ndo naomba ulisome taratibu. Ile hamu ya kuvuta pumzi unayoisikia ukizamia majini haitokani na oksijeni kupungua, inatokana hasa na kaboni daioksaidi kujaa kwenye damu, ubongo unaipima hiyo muda wote na kuamuru kifua kipumue. Kwenye chumba chenye jiko kaboni daioksaidi yako unaitoa kama kawaida. Vipimo vingine vya mwili viko shingoni, vinapima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, na hiyo nayo inabaki sawa, kilichoharibika ni ile iliyobebwa na himoglobini. Kwahiyo hakuna kengele inayolia. Unachosikia ni kichwa kizito na usingizi mtamu, na mtu aliyekuwa macho akijistukia miguu inagoma, anauona mlango lakini haufikii.

Wanaoweka beseni la maji chumbani nao nawaomba waache kulitegemea, hii gesi kwenye maji haiyeyuki kiasi cha kusaidia chochote. Wanaoacha upenyo chini ya mlango kwa sababu "gesi inakaa chini", haikai chini, uzito wake unakaribiana sana na hewa ya kawaida, inachanganyika chumba kizima, mtoto wa kitandani na wa mkekani wanaivuta sawa.

Na lile la "mbona bibi zetu walilala na moto miaka yote". Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi juu, ukuta wa udongo una nyufa, hewa inapita kila mahali, na hata hivyo bibi huyo alikuwa anakohoa. Wewe una dirisha la alumini, dari ya gipsam, na pale palipobaki upenyo umesokomeza nguo kuukuu ili baridi isipite. Ni moto uleule kwenye nyumba nyingine kabisa. Asubuhi majirani wanavunja mlango wanakuta familia nzima imelala, hakuna jeraha, na kabla mazishi hayajaisha ameshatafutwa mchawi, bibi wa watu anaanza kunyooshewa vidole, wakati jiko liko palepale kwenye kona na mkaa umeisha kuwa majivu.

Ukimkuta mtu kwenye hali hiyo fungua mlango mtoe nje, usianze kumpepea humohumo ndani maana na wewe utaanguka. Usimpe maziwa. Hii ya maziwa kwa kila sumu sijui itatutoka lini, gesi iko kwenye damu, maziwa yanaenda tumboni, na aliyelegea akinyweshwa yanaweza kuingia njia ya hewa ukampa tatizo la pili. Mpeleke hospitali hata kama ameamka anaongea, hasa mjamzito kwa sababu mtoto tumboni anaumia zaidi kuliko mama, na wapo watu ambao siku au wiki kadhaa baadaye wanaanza kusahau au kutembea vibaya.

Na ukifika mapokezi sema neno JIKO. Sema wazi, tulilala na jiko la mkaa. Kile kimashine cha kubana kidoleni hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi, kitakusomea oksijeni asilimia 98 vizuri tu huku unakufa, na nimeshaona mgonjwa aliyerudishwa nyumbani na kituo kimoja kwa sababu ya hiyo 98, akarudi usiku akiwa hajitambui. Mhudumu asipoambiwa kuhusu jiko hana namna ya kulijua.

Kuhusu baridi yenyewe, sisemi watu wagande. Jiko likiwa bado linawaka nje huko huko, chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu au dumu dogo, funga vizuri, zungushia kitenge, weka miguuni chini ya blanketi. Vaa soksi na kofia, watoto walale pamoja. Mimi nyumbani kwangu ndo hivyo tunavyofanya na wageni wangu wote nimewafundisha. Jiko halilali ndani, hata dirisha likiwa wazi nusu, hata kama ni mkaa mbadala, na jenereta nalo lisikae barazani chini ya dirisha.

Tuje kwenye haya mengine, nayapitia haraka.

"Wakimwekea oksijeni ndo basi tena." Ndugu wananifuata koridoni wananishika mkono, dokta tafadhali ule mtungi hapana. Mtu anawekewa oksijeni kwa sababu hali yake ni mbaya, wengine wanakuwa wameletwa wamechelewa siku nne tano wakifukizwa nyumbani, wakifa unalaumiwa mtungi. Kwa huyu wa jiko sasa oksijeni ndiyo dawa yenyewe: akivuta hewa ya kawaida, nusu ya ile sumu inachukua kama masaa 4 mpaka 6 kutoka kwenye damu, akivuta oksijeni kamili kwa mask inashuka mpaka kama saa moja, saa moja na nusu. Ukimzuia dakika 40 mnajadiliana kama ukoo, hizo ni dakika za ubongo wake. Ni kweli wapo wagonjwa wa mapafu sugu ambao oksijeni nyingi mno inawaletea shida, ndo maana tunapima na kurekebisha, kazi hiyo tuachie.

"Maziwa yanasafisha mapafu." Vijana wa mashine za mbao Mafinga na wa kusaga nafaka hawa nawasikia sana. Chakula na hewa vinaachana kooni, maziwa yanapita umio, vumbi limepita koromeo, havikutani tena. Njia ya hewa inajisafisha kwa makamasi na vinyweleo vinavyoyasukuma juu mpaka uyateme au uyameze, na vumbi laini likifika kwenye vifuko linabaki kwa muda mrefu. Nunua barakoa nzuri inayobana usoni. Maziwa kunywa, ni chakula kizuri.

"Baridi imemwingia kifuani ndo nimonia." Nimonia inaletwa na vijidudu, bakteria na virusi, vinajaza usaha na maji kwenye vile vifuko hadi oksijeni inashindwa kuvuka. Msimu wa baridi inaongezeka kwa sababu tunajifungia wengi chumba kimoja na moshi wa kuni juu yake. Sweta tatu hazimtibu mtoto. Mama, mfunue kifua akiwa ametulia, hajanyonya wala halii, hesabu pumzi dakika moja nzima kwa saa, siyo kukadiria: chini ya miezi 2 ikifika 60, miezi 2 mpaka 11 ikifika 50, mwaka 1 mpaka 5 ikifika 40, hiyo ni haraka mno, mpeleke leo. Chini ya mbavu pakiwa panabonyea ndani kila akivuta pumzi, usisubiri hata kuhesabu.

"Tunavuta oksijeni tunatoa kaboni daioksaidi." Shuleni tuliandika hivyo na watu wakabaki nayo. Unavuta hewa yenye oksijeni asilimia 21, unatoa hewa ambayo bado ina oksijeni kama asilimia 16 na kaboni daioksaidi kama asilimia 4, kubwa iliyobaki ni naitrojeni imeingia imetoka. Hiyo 16 ndo inafanya kumpulizia mtu mdomoni kuwe na maana.

Na la mwisho, mashabiki. Kila timu ya Dar ikipoteza mechi pale uwanja wa Sokoine hapa Mbeya linaibuka, "Mbeya hakuna oksijeni". Asilimia ni ileile 21, pwani, Mbeya, mpaka kileleni Kilimanjaro. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, tuko kwenye mita kama 1,700 na mgandamizo uko karibu moja ya tano chini ya ule wa pwani, kwahiyo kila pumzi inaingia na oksijeni chache kidogo na msukumo wa kuivusha kwenda kwenye damu unapungua. Aliyekaa hahisi kitu, anayekimbia dakika 90 anahisi. Wakikaa wiki mbili tatu mwili unaanza kuzoea, wanapumua zaidi na figo zinatoa homoni inayouambia uboho uongeze chembe nyekundu.