Mashine ya riboni haikupangii nyuzi: dhana potofu kuhusu kuunga kebo za nyuzi nyingi

"Kwani fundi, mashine si inajipanga yenyewe?" Swali hili, kuhusu mashine ya kuungia nyuzi za faiba, hutoka kwa wasimamizi wa miradi kuanzia Kisongo hadi Boma Ng'ombe, na hao mtu anaweza kuwasamehe. Kinachochosha ni kulisikia kwa mafundi walioshika faiba, nyuzi za glasi zinazobeba mwanga, miaka mingi. Wamezoea mashine inayounga uzi mmoja mmoja, leo wamekabidhiwa kebo ya riboni ya nyuzi 288, zilizogundishwa bapa 12 kwa 12, na wanadhani kilichobadilika ni idadi tu. Kisha OTDR, kifaa cha kupima hasara ya mwanga ndani ya uzi, inaonyesha hasara ya 0.4 dB (desibeli) kwenye uzi wa saba, lawama zinaiangukia mashine, na bosi anaanza kuulizia bei ya mashine mpya.

Dhana: mashine ya riboni hupanga nyuzi kama ile ya uzi mmoja

Haipangi. Mashine ya uzi mmoja ya daraja la juu ina kamera zinazokiona kiini, sehemu ya katikati ya uzi inamopita mwanga, na mota zinazousogeza uzi juu, chini na pembeni mpaka viini vitazamane. Kwenye mashine ya riboni, nyuzi 12 hulala kwenye mifereji 12 yenye umbo la V iliyochongwa kwenye kipande kimoja kisichosogea. Mota zilizopo husukuma riboni nzima mbele na nyuma, basi. Pale mfereji ulipouweka uzi ndipo utakapoungwa. Glasi ikiyeyuka huwa na mvuto wake unaorudisha nyuzi kidogo kwenye mstari, lakini mvuto huo una mipaka.

Tupige hesabu. Kwenye uzi wa G.652, aina ya kawaida, mwanga hupita katika upana wa maikroni (elfu ya milimita) 9 na kidogo. Viini vikipishana kwa maikroni 1, unapoteza karibu 0.2 dB. Vikipishana kwa maikroni 2, ni karibu 0.8 dB, maana hasara hukua kwa mraba wa mpishano. Sasa fikiria kiangazi, malori yanapita, mlango wa nyuma wa Noah uko wazi na mashine imewekwa hapo. Chembe ya vumbi ya maikroni 5 huioni kwa macho. Ikitua ndani ya mfereji wa saba, uzi wa saba, ambao ni mwekundu, umeinuliwa na hakuna mota ya kuushusha. Nyuzi 11 zinatoka safi, mmoja mbovu. Ukirudia na ubovu ukaangukia mfereji uleule, usihangaike na kebo: uchafu uko kwenye mfereji. Ukihamia uzi mwingine, tatizo liko kwenye maandalizi yako.

Na maandalizi yenyewe yana mpangilio usioruhusu njia ya mkato. Slivu (mrija wa kulinda ungio) kwanza, na iwe slivu ya riboni yenye fimbo bapa ya seramiki au kwatzi. Ukisahau utakumbuka baada ya kuunga, na hapo dawa ni mkasi. Kisha riboni iingie kwenye kishikio ikiwa imenyooka kabisa, maana ikikaa mshazari hata kidogo, kila hatua inayofuata itabeba mshazari huo. Halafu stripa ya joto, kifaa cha kuvua makoti ya nyuzi. Hapa haraka inaharibu kazi nyingi: fundi anafunga kifuniko na kuvuta papo hapo. Subiri sekunde kama 5 gundi na makoti yalainike, kisha vuta kwa mwendo mmoja usiobadilika. Ukivuta baridi, nyuzi zinakatika au zinabaki na vipande vya koti vilivyong'ang'ania. Baada ya kila riboni piga brashi kwenye stripa, kwa sababu masalia ya riboni iliyopita ndiyo yatakayokwaruza inayofuata.

Safisha glasi kwa tishu isiyoacha manyoya iliyoloweshwa isopropili ya asilimia 99. Futa mara moja, geuza tishu, futa upande wa pili. Nyuzi zikishikana kwa unyevu, zipige kidogo kwa kidole upande wenye koti zitengane, wala usiziguse kwenye glasi. Kisha kata kwa kliva, kifaa cha kukatia glasi, na baada ya kukata usifute tena. Kuna watu wanafuta baada ya kukata wakidhani wanaongeza usafi. Wanachofanya ni kubandika uchafu kwenye nyuso za glasi zilizokuwa safi kuliko kitu chochote ndani ya hema.

Kliva nayo ina hesabu yake. Visu vingi vina nafasi 16 za kuzungusha, na kila nafasi hukadiriwa kukata nyuzi elfu moja hivi. Riboni moja huhesabiwa nyuzi 12, siyo moja. Ungio la kebo ya 288 lina mikato 48, yaani nyuzi 576, na hapo hujarudia hata moja. Fundi anayezungusha kisu "kikianza kusumbua" amechelewa sana. Kisu butu au kipande cha glasi kilichobaki kwenye mpira wa kliva hutoa nyuzi zenye urefu usiolingana, na kwenye riboni hilo ni balaa, kwa sababu zote 12 husukumwa pamoja. Ulio mrefu hugusana na mwenzake mapema na kuvimba. Ulio mfupi haupati msukumo wa kutosha, unatoka na kiuno chembamba au kiputo. Skrini ikikuonyesha ncha zimepanda na kushuka, toa riboni ukakate upya. Usibonyeze kitufe cha kuendelea ukitegemea bahati.

Mifereji isafishwe kabla ya kazi na kila baada ya riboni chache, kwa brashi yake na spiriti, ukifuata mwelekeo wa mfereji. Na hema lifungwe pande zote. Ukitaka kujua kama fundi anaijua riboni, tazama anafanya nini kabla ya kuwasha mashine.

Dhana: bora kuchana riboni na kuunga uzi mmoja mmoja

Hii hupendwa na wenye mashine ya uzi mmoja tu, na inaeleweka kwa nini. Lakini riboni 24 ni maungio 24, ukizichana ni 288. Trei zilizokuja na boksi la maungio zimepangwa kwa slivu za riboni; slivu 288 za kawaida hazina pa kukaa, zitarundikwa na nyuzi zitabanwa. Tena kila unapochana gundi unaweza kukwaruza koti, na uzi uliokwaruzwa leo hukatika miezi kadhaa baadaye mtu akifungua boksi. Kuchana kuna mahali pake: kurudisha haraka nyuzi 2 au 4 zilizobeba wateja, au kutoa nyuzi chache kwenda kwenye jengo. Hata pale riboni inapokutana na kebo ya nyuzi huru, njia nzuri ni kinyume chake: panga nyuzi huru kwa rangi kwenye kibao cha kutengenezea riboni, paka gundi yake, acha ikauke, kisha unga 12 kwa pamoja.

Dhana: petroli huondoa jeli vizuri

Huiondoa hiyo jeli inayojazwa ndani ya kebo kuzuia maji, pamoja na mengine. Petroli na mafuta ya taa hulainisha na kuvimbisha makoti, hudhoofisha gundi ya riboni na kufifisha maandishi yaliyochapwa juu yake. Tumia kiyeyushi cha jeli kilichotengenezwa kwa kebo, kisha malizia na isopropili. Lita moja ya sheli ni rahisi kweli, lakini iko ndani ya hema lililofungwa lenye mashine inayopiga cheche. Sina la kuongeza hapo.

Dhana: spiriti yoyote inafaa

Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji kwa sehemu iliyobaki, na maji huacha utando. Sanitaiza ni mbaya zaidi, ina glisirini.

Dhana: skrini ikisema 0.01 dB, kazi imekwisha

Namba hiyo ni makadirio. Mashine imepiga picha ya glasi, imepima pembe na mpishano ilivyoviona kwa nje, ikakisia. Haijapitisha mwanga. Kwenye riboni nzuri ya aina moja, wastani wa kweli wa 0.05 dB kwa ungio ni kazi ya kupongezwa, na kipimo cha kweli ni OTDR kutoka pande zote mbili, kisha unatafuta wastani. Upande mmoja pekee hudanganya: nyuzi zenye upana tofauti wa njia ya mwanga, kwa mfano G.652 ikikutana na baadhi ya G.657 (nyuzi zinazovumilia mikunjo), huonyesha hasara kubwa ukipima huku na "faida" ukipima kule. Hakuna ungio linalozalisha mwanga.

Pima kwa mwanga wa nanomita 1310 na wa 1550. Hasara ikiwa kubwa zaidi sana kwenye 1550, usikate ungio. Fungua trei utafute mkunjo. Ikilingana au ikizidi kidogo kwenye 1310, hapo shuku ungio lenyewe. Wengi hukata maungio mazuri kwa sababu ya riboni iliyobanwa na kifuniko cha trei.

Na kwa mteja anayeuliza 0.2 ina ubaya gani: kutoka Arusha mjini hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Kwa ngoma za kebo za kilomita 4 unapata maungio kama 19. Kwa 0.05 kila moja hayafiki 1 dB kwa jumla, kwa 0.2 yanakaribia 4 dB. Tofauti hiyo ni sawa na kuongeza takriban kilomita 15 za kebo kwenye 1550 ambazo hakuna aliyezichimbia mtaro.

Dhana: uzi mmoja ukiwa mbovu, rudia huo tu

Zimefungwa pamoja, unakata zote 12. Kila kurudia hula sentimita tatu au nne za riboni, na ukipunguza urefu upande mmoja, riboni haikai tena kwenye njia yake ya trei. Ndiyo maana tunaacha akiba ya kutosha, siyo "kidogo cha kufikia mashine". Mteja anayelalamika kwamba fundi amevua ganda refu mno aelewe kwamba akiba hiyo ndiyo inayolipia marudio.

Dhana: riboni hukunjwa popote, ni laini

Riboni bapa ni kama tepu ya kupimia: upande mmoja inakunjika bila shida, kwa ukingo inagoma. Ukiilazimisha kwa ukingo, gundi inapasuka au nyuzi za pembeni zinakatika. Unapobadili mwelekeo ndani ya boksi, izungushe taratibu kwa urefu mrefu, usiivunje kona. Zile za kizazi kipya, ambazo nyuzi zake zimegundishwa kwa vipande na zinaweza kuviringishwa, ni laini kweli, ila zina sharti jingine. Baadhi zina nyuzi za maikroni 200 badala ya 250, na mifereji ya mashine yenye hatua (umbali kati ya mfereji na mfereji) ya 250 huenda isizipokee bila kishikio cha kubadilishia. Uliza aina ya riboni kabla ya kupanga safari.

Dhana: mashine ikishapimwa cheche, imepimwa

Cheche inayoyeyusha glasi hupita hewani, na hewa nyepesi hubadilisha joto lake. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000. Mashine nyingi zina kihisi cha mgandamizo, lakini kazi ya kihisi ni kusaidia tu. Kwenye riboni cheche lazima isambae sawasawa juu ya nyuzi zote 12, na ikipungua nguvu, wa kwanza na wa kumi na mbili ndio wa kwanza kuumia. Pima cheche ukifika eneo la kazi, baridi ya asubuhi ya Julai ikiisha, na baada ya kubadili elektrodi (ncha zinazopiga cheche). Mashine iliyolala kwenye gari la baridi ikafunguliwa hemani hufanya ukungu kwenye lenzi. Iache ipate joto kwanza.

Dhana: zikiungwa 12 kwa mpigo, 288 ni kazi ya saa moja

Kuunga kwenyewe ni sekunde. Kuvua, kusafisha, kukata, kuunga na kuchoma slivu, kwa fundi mzuri, ni dakika 5 hadi 8 kwa riboni. Mara 24, ni saa mbili au tatu bila marudio. Bado hujavua ganda pande zote mbili, hujaondoa jeli, hujatambua namba, hujapanga njia za trei, wala hujatoa maji kwenye chemba kama ni masika.

Dhana: ukifuata rangi huwezi kukosea

Kila riboni ina rangi zilezile, bluu hadi akwa (bluu ya kijani hafifu), kwa hiyo rangi haikuambii ni riboni ya ngapi. Namba iliyochapwa ndiyo inayokuambia; iandike kwenye lebo kabla hujaisafisha kwa kiyeyushi chochote. Kosa la hatari zaidi ni kupindua. Bluu lazima iwe upande uleule wa mashine kwenye vishikio vyote viwili, tuseme upande wa mbali na fundi, kushoto na kulia. Riboni moja ikipinduka, wa 1 unaungana na wa 12, wa 2 na wa 11, wa 6 na wa 7, na mashine inakupongeza kwa 0.02 kila uzi kwa sababu glasi haina rangi. OTDR nayo haitaona kitu. Kwa hiyo baada ya riboni ya kwanza, kabla ya kugusa ya pili, piga taa nyekundu kwenye uzi wa bluu upande mmoja na mwenzako atazame upande wa pili. Mwanga ukitokea kwenye akwa, kata, wakati bado ni riboni moja.