Kurudiwa kwa upendo ni nini, na kunahusianaje na kukua katika neema?

Kitenzi «rudi» kina kazi nyingi. Mtu hurudi nyumbani. Kitenge kipya kikifuliwa hurudi, yaani hupungua. Na katika Waebrania 12:6, Biblia ya Kiswahili inasema Bwana humrudi yule ampendaye. Hapo wengi wetu Uganda, tuliookota Kiswahili sokoni na barabarani kuliko darasani, huteleza: tunadhani Mungu anamrudia mtu, anakuja kwake tena. Sivyo. Kumrudi mtu ni kumwonya na kumnyoosha aache kosa. Mwenyewe akilitambua kosa lake akabadilika, tunasema amejirudi.

Kurudiwa kwa upendo basi ni kuonywa na mtu asiyetaka kukupoteza. Wagalatia 6:1 inaagiza aliyeghafilika arejezwe kwa upole, na kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale ndicho kile cha Mathayo 4:21, Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Ukifika Masese, Jinja, utawaona wavuvi wameketi chini, wavu umetandazwa mapajani, sindano inapita tundu kwa tundu. Hakuna anayeufokea wavu. Wala hakuna anayejifanya hajaliona tundu, kwa sababu kesho samaki watapitia hapo hapo.

«Kukua katika neema» ni maneno ya 2 Petro 3:18. Neema ni kibali usichokistahili, kwa hiyo kukua ndani yake si kujikusanyia alama mpaka usiwe na wa kukuonya. Kama Mungu alikupokea ungali mkosaji, kuambiwa «hapa umekosea» hakukuondoi mlangoni. Unaweza kusikiliza bila kutafuta wakili. Ndiyo maana sikubaliani na wahubiri wanaokimbilia mstari wa Zaburi, «msiwaguse masihi wangu», yaani watiwa mafuta wa Mungu, kila waulizwapo swali. Mtu anayeogopa swali namna hiyo sijui neema anaihubiri kutoka wapi.

Petro mwenyewe aliyapitia. Kule Antiokia alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi; wageni Wayahudi wakaja kutoka kwa Yakobo (si yule mvuvi, bali kiongozi wa kanisa la Yerusalemu), akajitenga na hao wa Mataifa kwa hofu. Paulo akampinga mbele ya wote, maana kosa lenyewe lilikuwa la hadharani. (Kosa la faragha lina njia yake: Mathayo 18:15 inasema mwende wewe na yeye peke yenu.) Sasa soma 2 Petro 3:15, aya tatu tu kabla ya ile ya kukua katika neema. Petro anamwita nani «ndugu yetu mpenzi»? Paulo.

Hapa kwetu jambo hili lina historia. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Uamsho ulioenea miaka iliyofuata ukawaleta Balokole, yaani waliookoka, na desturi yao ya «kutembea nuruni»: kuungama mbele ya wenzako na kukubali wakuambie wanachokiona. Desturi nzuri, ingawa kuna mahali ilikuja kugeuka ukaguzi wa nywele na mavazi. Anayeonya asiyeonyeka huyo ni askari, si ndugu.

Mimi naongoza nyimbo katika ibada ya Kiswahili. Jumapili moja nilimkaripia mpiga ngoma mbele ya watu kwa kuchelewa kuingia. Mama mmoja alingoja kanisa litoke, akaanza kupanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine, nami nikamsaidia. Akasema bila kuniangalia, «Mwanangu, yule kijana umemvunjia heshima.» Nikajibu kwamba amezoea. Akasema, «Nani, yeye au wewe?»

Njiani, nyuma ya boda, nilikuwa na majibu mazuri sana. Yaliniishia siku ya tatu, nikamtafuta kijana. Alikuwa gereji, mikono imejaa grisi, akanipa kiwiko nikisalimie. Nilipoomba msamaha alicheka kidogo, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Jumapili iliyofuata mama hakuniuliza lolote. Alinisukumia viti vinne nibebe.